Kukagua na Kutunza Kamba na Vifaa vya Kupandia Miti

Anayepogoa mjakaranda mkubwa pale Shanty Town, au anayeshusha matawi ya mkaratusi ulioegemea paa la nyumba huko Njiro, hufanya kazi hiyo akiwa amening'inia kwenye kamba isiyozidi unene wa kidole gumba. Mwongozo huu ni kwa ajili yake na kwa ajili ya msaidizi wake aliyesimama chini, kwa sababu ukaguzi wa kamba ni kazi ya wote wawili. Nitaufuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe katika kazi zangu za Moshi na Arusha: kwanza asili ya kamba, kisha kile ambacho mkono unakigundua, halafu mkanda wa mwili na vyuma, na baada ya hapo usafi, ghala na daftari. Vitabu vingi huanza na ukaguzi wa mkono. Mimi ninaanza na asili, kwa kuwa katika miji yetu hii miwili kosa kubwa hufanyika sokoni, siku nyingi kabla mtu hajafika chini ya mti.

Kamba imetoka wapi

Wageni wanaoshuka Kilimanjaro huwaachia waongozaji na wapagazi buti, majaketi, taa za kichwani na, mara chache, kamba, mikanda na karabina, yaani pete za kuunganishia zenye mlango. Vitu hivyo hupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika kwenye meza ya mtumba. Sina ugomvi na mtumba. Buti ninazovaa kazini nilizinunua soko la Memorial, Moshi, na soli yake ikianza kuachia nitaiona. Kamba haiko hivyo, kwa sababu sehemu yake inayobeba uzito imefichwa ndani ya ganda. Isitoshe, njia za kawaida za kwenda kilele cha Uhuru hupandwa kwa miguu bila kamba kabisa, kwa hiyo kamba inayoonekana sokoni Moshi ilikuwa na kazi nyingine ambayo muuzaji haijui. Huenda ilitumika kukwea miamba, huenda ilivuta gari lililokwama, huenda ililala juani kwenye paa la gari kwa msimu mzima.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba kamba isiyo na historia haipandiwi. Inaweza kufunga mzigo, kuvuta gogo, au kuongozea tawi linaloshushwa, lakini haimbebi mtu. Kamba inayofaa huja na lebo, au na utepe mwembamba uliopita ndani yake, wenye jina la mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, kipenyo na namba ya kiwango. Kwa kazi ya miti tafuta kiwango cha Ulaya EN 1891 aina A, ambacho ni cha kamba zenye mnyumbuko mdogo. Kamba ya aina hiyo ni lazima ihimili angalau kilonewtoni 22, yaani uzito wa zaidi kidogo ya tani 2, na ikiwa na mafundo au miishio yake ihimili kilonewtoni 15. Wamarekani wana kanuni yao, ANSI Z133, inayotaka kamba ya kupandia miti iwe na kipenyo cha nusu inchi na uwezo wa ratili 5,400, ambazo ni karibu kilonewtoni 24. Namba hizo zinaonekana kubwa kupita kiasi kwa mtu wa kilo 75, hadi utakapokumbuka kwamba fundo peke yake hula robo au theluthi ya nguvu ya kamba, na kwamba nailoni iliyolowa hupoteza kiasi cha asilimia 10 hadi 20 nyingine mpaka ikauke.

Kamba yenye alama EN 892 ni ya wakwea miamba. Imetengenezwa ivutike ili kumpokea mtu anayeanguka, na kwa sababu hiyo ukiwa juu ya mti na msumeno mkononi utakuwa unapanda na kushuka kama ndoo kwenye mpira. Haina ubaya wowote mahali pake, lakini mahali pake si kwenye mvule.

Kamba ya manila ya dukani, ile ya rangi ya bluu au kijani inayouzwa kwa mita pamoja na mabomba na misumari, ni plastiki ya polipropilini. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, hunyauka upesi kwa jua, na haina ganda la kukuonyesha kwamba imechoka. Kamba ya katani huoza kwa unyevu kuanzia ndani. Hizi mbili zifunge kuni na mbuzi.

Mkono ndio unaokagua

Kabla ya kila kazi kamba yote ipite mkononi. Nawa mikono, vua glavu, kaa kwenye kigoda au gogo, na umwage kamba kwenye turubai safi. Ishike kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uivute polepole, ukisimama kila baada ya sentimita 30 hivi kuikunja iwe kitanzi kidogo. Kamba nzima hukunjika kwa upinde laini, unaofanana upande huu na upande ule. Mahali ambapo moyo wake, yaani nyuzi za ndani zinazobeba uzito, umekatika au umesagika, upinde huo huvunjika ghafla, kama mrija wa soda unapobanwa katikati. Vidole vinalisikia jambo hilo kabla jicho halijaliona.

Niliwahi kununua kamba ya rangi ya chungwa, mita 50, ikiwa imekunjwa vizuri na kung'aa kama mpya. Nilikuwa bado mgeni wa kazi na bei ilinivutia. Nilipoipitisha mkononi nyumbani, karibu na theluthi yake ya kwanza vidole vyangu vilizama mahali penye urefu wa sentimita mbili tu. Ganda halikuwa na alama yoyote. Nilipolichana kwa wembe nilikuta nyuzi za moyo zimekatika zaidi ya nusu, ncha zake zimetawanyika kama brashi ya kupakia rangi iliyoachwa bila kuoshwa, na katikati yake chembe za mchanga mweupe ambao si wa huku kwetu. Sikumrudishia muuzaji, kwa sababu angeiuza tena.

Wakati mkono unapita, jicho nalo lina kazi yake. Manyoya membamba yaliyoenea sawasawa kwenye ganda ni ya kawaida kwa kamba inayotumika, na hata huikinga kidogo. Yasiyo ya kawaida ni manyoya mengi mahali pamoja, nyuzi zilizokatika kwa mkato wa wazi, na sehemu ambayo moyo unachungulia. Angalia pia mahali palipovimba au palipokonda kuliko pengine, kwa kuwa uvimbe maana yake ni kwamba moyo umejikunja au ganda limeteleza. Sehemu iliyokuwa ngumu na yenye kung'aa kama imepigwa pasi imeungua kwa msuguano. Doa lisiloeleweka, hasa la rangi ya manjano au kahawia, lichukuliwe kuwa ni kemikali hadi ithibitike vinginevyo. Na usione haya kunusa: petroli, oili chafu na asidi vina harufu zake.

Kasoro ikiwa karibu na mwisho wa kamba, na ukiwa na hakika kwamba chanzo chake ni mkato au mkwaruzo tu, unaweza kukata kipande hicho na kuendelea na kilichobaki. Kata kwa kisu kilichopashwa moto ili ganda na moyo vishikane, kisha upime urefu mpya na kuuandika. Jambo hili watu hulidharau. Anayedhani kamba yake ni ya mita 45, kumbe ilipunguzwa hadi 39 na mwenzake wiki iliyopita, anaweza kushuka akafika mwisho wa kamba kabla ya kufika ardhini. Kwa hiyo mwisho wa kila kamba uwe na fundo la kuzuia, hata siku unayoamini kwamba urefu unatosha. Kasoro ikiwa katikati, au chanzo chake kikiwa kemikali, hakuna cha kukata wala kuokoa.

Baada ya mkono na jicho, funga kamba kwenye tawi utakalotumia, kisha wewe na msaidizi wako muining'inie pamoja mkiwa bado karibu na ardhi. Mazoea haya ni mazuri kwa kupima tawi na fundo. Hayapimi kamba: kamba yenye jeraha inaweza kuwabeba watu wawili leo asubuhi na ikamwangusha mmoja saa kumi jioni.

Fundo la kukaba na joto lake

Kamba fupi inayofunga fundo la kukaba kwenye kamba kuu, yaani fundo linaloteleza ukilisukuma na kushika likibeba uzito, liwe lile la Prusik lililopewa jina la Karl Prusik wa Austria aliyelieleza mwaka 1931, au mojawapo ya mafundo yaliyokuja baadaye, ndiyo inayochoka haraka kuliko kifaa kingine chochote tulicho nacho. Kila unaposhuka, msuguano wote unaishia kwenye mizunguko yake minne au mitano. Ukishuka mita 15 kwa mbio kwa sababu mvua imeanza au chakula kimefika, joto hupanda mahali padogo sana kwa sekunde chache, na nyuzi za bandia hazina subira na joto. Nailoni na poliesta huyeyuka baina ya nyuzijoto 215 na 260, kutegemea aina. Nyuzi za polithilini zenye nguvu kubwa, zile nyepesi na zenye utelezi kama nta, hazifiki mbali kiasi hicho. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hadi 150, na kwa hiyo hazifai kabisa kuwa ganda la kamba ya kukaba. Aramidi, aina nyingine ya nyuzi za bandia, haiyeyuki, bali huanza kuungua ikikaribia nyuzijoto 500, ndiyo maana kamba nyingi za kukaba hufumwa nayo kwa nje. Lakini aramidi nayo ina udhaifu: haipendi kukunjwa mahali pale pale mara elfu, wala haipendi jua.

Fungua fundo hilo kila siku. Wapo wanaoliacha limefungwa miezi miwili kwa kuwa linakaba vizuri, na ndani ya mizunguko yake kumejificha sehemu ngumu iliyoungua ambayo hawajawahi kuiona. Ukilifungua, tazama upande wa ndani, yaani ule unaogusa kamba kuu. Ikiwa unang'aa, au ukikunja unatoa mlio mdogo kama wa jani kavu, badilisha kamba hiyo. Kwa anayepanda kila siku, kamba ya kukaba haimalizi mwaka, na miezi michache ndiyo hali ya kawaida. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kamba kuu, kwa hiyo nunua mbili.

Kitanzi kilichoshonwa kiwandani mwishoni mwa kamba kikaguliwe mshono kwa mshono. Uzi mmoja uliokatika unatosha kukitoa kazini, na usimpelekee fundi wa viatu akurudishie, hata akiwa hodari namna gani.

Mkanda wa mwili

Mkanda wa mwili, ambao wengi wetu tunauita hanesi, hufa kwa njia tofauti na kamba. Haukatwi sana, huliwa polepole pale unaposugua chuma. Geuza kila pete na utazame utepe uliojificha chini yake, kisha uukunje utepe huo uwe kama herufi U iliyopinduliwa ili nyuzi zilizokatika pembeni zijitokeze. Mishono ya usalama hufanywa kwa uzi wa rangi tofauti na utepe kwa makusudi, ili upungufu wake uonekane. Kipande cha kamba kinachounganisha pande mbili za mbele, ambacho pete huteleza juu yake mchana kutwa, ndicho daraja linalobeba kila kitu. Kikague kwa macho kila asubuhi, na ukibadilishe kabla hakijakuomba. Vifungo vya chuma vifunge na kuachia bila kulazimishwa; kifungo kilichojaa unga wa mbao huonekana kimefunga kumbe hakijafunga.

Ninalo funzo moja kuhusu mkanda ambalo lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili tulikuwa tukisafiri na vifaa nyuma ya pikapu ya kukodi, na humo humo palikuwa na betri kuukuu iliyokuwa ikipelekwa kuuzwa. Tulipofika Tengeru sikuona chochote isipokuwa madoa mawili kwenye utepe wa paja la kulia, makubwa kama punje ya hindi, rangi yake kama chai ya rangi isiyokolea. Niliyafuta nikafanya kazi siku tatu. Siku ya nne nilikwaruza doa moja kwa ukucha, na nyuzi zikatoka kama unga wa tumbaku. Nailoni huvumilia vizuri vitu vya magadi lakini asidi ya betri huimaliza. Poliesta ni kinyume chake, huvumilia asidi zaidi lakini huharibiwa na magadi makali na maji ya saruji. Kwa kuwa kamba na mikanda mingi imechanganya zote mbili, betri na saruji vyote viwekwe mbali. Nasema saruji kwa sababu nimeona kamba nzuri ikihifadhiwa katika kiroba kitupu cha saruji, kwa nia njema kabisa.

Vyuma

Karabina ya kazi ya miti iwe na mlango unaojifunga wenyewe na unaotaka miendo mitatu kuufungua, kwa sababu vijiti na kamba husukuma milango siku nzima. Ifungue na kuiachia mara kumi bila kuisaidia. Ikikwama hata mara moja, ioshe. Ikiendelea kukwama baada ya kuoshwa na kukaushwa, iondoe. Tazama ribiti ya mlango kama imelegea, tafuta nyufa kwenye kona, na upitishe ukucha mahali kamba inapokaa: mfereji wenye kina cha milimita 1, au ukingo uliokuwa mkali, ni mwisho wake, kwa kuwa ukingo huo sasa unakata kamba. Usome pia namba zilizochongwa ubavuni. Karabina inayobeba kilonewtoni 22 au zaidi kwa urefu wake inaweza kubeba 7 tu ikivutwa kwa upana au mlango ukiwa wazi, kwa hiyo karabina nzima iliyokaa vibaya ni dhaifu kuliko kuukuu iliyokaa sawa.

Je, karabina iliyoanguka kutoka juu ya mti itumike? Watu hubishana sana juu ya hili. Iliyoanguka kwenye majani na udongo laini naikagua na kuirudisha kazini. Iliyogonga jiwe au zege kutoka urefu wa nyumba naiondoa, hata kama sioni kitu, na inakuwa ya kuning'inizia msumeno.

Kulainisha mlango tumia mafuta makavu ya grafiti au silikoni, kidogo sana, kisha ufute. Oili ya injini na mafuta ya kula hukusanya vumbi na kugeuka kuwa msasa. Kapi lizunguke bila kelele na bila kuyumba pembeni. Kamba ya kiunoni yenye waya ndani, ile inayozungushwa kwenye shina, ikunjwe polepole mbele ya jicho. Waya uliokatika hutoboa ganda na kuchoma kidole kama ndoana, na hapo huna sababu ya kuendelea kuitazama.

Kofia ngumu isipakwe rangi wala kubandikwa stika zisizoruhusiwa na mtengenezaji, kwa sababu viyeyusho vya gundi hudhoofisha plastiki. Ikipauka, au ikilia ukiibana kwa mikono miwili, itoe. Miguu ya chuma ya kupandia, yaani miiba inayofungwa kwenye buti, inolewe kwa tupa, na itumike kwenye mti unaoangushwa tu. Kila hatua yake kwenye mti ulio hai ni kidonda.

Vumbi, ulimbo na sabuni

Udongo wetu wa volkano una chembe ndogo zenye makali, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila mahali. Chembe moja ikipenya ganda hukaa kati ya nyuzi na kuzikata kidogo kidogo kila kamba inapojikunja, kazi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiona mapema. Ndiyo sababu kamba isiachwe kulala ardhini chini ya mti: pawe na turubai au mfuko, na msaidizi wa chini asiikanyage. Ninayo ada ndogo ya soda kwa anayekanyaga kamba, na imefanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Kamba ikichafuka, iloweke kwenye beseni la maji ya baridi au vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30, pamoja na sabuni laini ya kuogea kidogo. Usitumie sabuni ya unga, magadi, wala jiki. Ikamue kwa kuipitisha kwenye kiganja, ibadilishie maji hadi yatoke safi, na uianike kivulini penye upepo, ikiwa imelegezwa kwenye kamba ya nguo au kwenye ubao usio na misumari. Kukauka kabisa huchukua siku mbili au tatu, na wakati wa masika hata wiki nzima. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa wala usiianike juani ili kuharakisha. Hapa tulipo, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, na Arusha ikiwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, jua halina upole na nyuzi za bandia. Kamba inayoachwa kwenye paa la gari hupauka ganda kwanza, na kupauka huko ni dalili ya nguvu inayopotea.

Utomvu wa mfenesi na ulimbo wa msindano havitoki kwa maji. Subiri ukauke ugumu, kisha uuvunje kwa vidole na kuusugua kwa brashi laini ya nguo. Najua petroli huuondoa kwa dakika moja. Petroli pia huingia ndani ya kamba na kubeba uchafu wote hadi kwenye moyo, kwa hiyo afadhali kamba yenye ulimbo kidogo kuliko kamba iliyooshwa kwa petroli. Kwa sababu hiyo hiyo, galoni la mafuta ya chensoo lisafiri mbali na mfuko wa kamba.

Ghala liwe kavu, lenye giza na hewa. Ning'iniza kamba kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya sakafu. Na usihifadhi kamba chumba kimoja na mahindi: panya wanaokuja kwa ajili ya mahindi hutafuna pia utepe uliolowa jasho, kwa kuwa una chumvi, na hupenda kutafuna mahali palipokunjwa ndani, ambapo hutapaona usipoinyoosha kamba yote.

Daftari

Kila kifaa kiwe na namba yake, iliyoandikwa kwenye utepe wa plastiki mwishoni mwa kamba, au kwenye lebo ya mkanda. Usiandike kwa wino wa kalamu nene moja kwa moja juu ya ganda, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Katika daftari andika tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuanza kutumika, urefu, na kila tukio lisilo la kawaida: tawi lililoiangukia, msumeno uliogusa, siku ilipokopeshwa kwa jirani. Kamba ya mtu ikopeshwe kwa nadra. Afadhali kumkopesha pikipiki.

Ukaguzi ni wa aina mbili. Ule wa kila siku ni wa anayepanda. Ule wa pili, wa kina na wa kuandikwa, ufanywe na mtu mwenye ujuzi ambaye si lazima awe mpandaji wa siku hiyo. Kiwango cha EN 365 kinataka ufanyike angalau mara moja kila miezi 12, na kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka kila miezi 6 kwa vifaa vinavyobeba watu. Kwetu, ambako vumbi na jua ni vya mwaka mzima, mimi hufanya mwezi wa pili kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Ikiwa umeajiriwa, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kujikinga. Kukuambia uje na kamba yako si kutimiza sheria hiyo.

Umri nao una kikomo. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 tangu kutengenezwa kwa vitu vya nyuzi, hata kama vimekaa kabatini. Kamba ya kazi ya kila siku haifiki huko. Mwaka mmoja hadi mitatu ni kawaida. Kamba iliyompokea mtu aliyeanguka kwa nguvu hutolewa siku hiyo hiyo, bila kujali umri. Na kamba iliyotumika kushushia magogo, hata mara moja, imehama ukoo: ipakwe rangi nyekundu miisho yote miwili na isirudi tena kubeba mtu.

Inapotolewa, iharibu. Kamba iliyotupwa jalalani Pasua au Ngaramtoni leo inaweza kuwa mezani sokoni wiki ijayo, imekunjwa vizuri, nusu bei. Ninaikata vipande vya mita moja na nusu, urefu unaotosha kufungia mbuzi au kuning'iniza ndizi na usiotosha kupandia popote. Mkanda wa mwili ninaukata daraja, tepe za mapaja na utepe wa kiuno, na kuondoa lebo. Karabina mbovu naikata mlango kwa msumeno wa chuma. Kisha ninafungua daftari kwenye namba ya kifaa hicho, ninaandika tarehe na sababu, na kupiga mstari mmoja juu yake kwa rula.